Dishi la Koos Bekker juu ya mapaa ya Mbeya: tathmini ya DStv na ya mtu aliyeiasisi

Ukiyatazama mapaa ya Jiji la Mbeya kutoka kwenye miteremko ya mlima Loleza, utayaona madishi ya aina mbili yaliyo mengi kuliko mengine, na tofauti yake utaijua hata kabla ya kusoma nembo. Yapo yaliyoelekea magharibi na kusimama wima kiasi, ambayo ni ya Azam TV, kwa kuwa setilaiti yake iko nyuzi 7 mashariki. Na yapo yaliyolala chali zaidi, yakipokea mawimbi yanayoshuka karibu kutoka utosini, yakiegemea kaskazini kidogo tu, ambayo ni ya DStv, runinga ya kulipia yenye asili ya Afrika Kusini, kwa kuwa setilaiti yake iko nyuzi 36 mashariki huku Mbeya ikiwa kati ya nyuzi 33 na 34. Tathmini hii ni ya hayo ya pili. Nimeamua kuipima huduma hiyo pamoja na maisha ya mtu aliyeiasisi, kwa sababu karibu kila jambo linalomfurahisha au kumkera mteja wa DStv, kuanzia malipo ya kabla hadi mpira kurundikwa kwenye vifurushi vya juu, lina mizizi katika wazo alilolibeba mtu huyo kutoka ng'ambo zaidi ya miaka 40 iliyopita.

Jina lake ni Jacobus Petrus Bekker, na wengi humwita Koos. Alizaliwa mwaka 1952 katika jamii ya Makaburu, wazungu wa Afrika Kusini wanaosema Kiafrikaans, akakulia kwenye shamba la mahindi karibu na Heidelberg, mji ulio kusini-mashariki mwa Johannesburg. Alisoma Chuo Kikuu cha Stellenbosch, akachukua shahada ya sheria Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kisha akaingia kwenye kazi ya matangazo ya biashara. Hadi hapo hakuna kinachomtofautisha na vijana wengi wa tabaka lake, waliofunguliwa kila mlango na utawala ambao wakati huohuo uliwafungia wananchi walio wengi hata mlango wa shule nzuri. Kilichombadilisha ni New York, alikokwenda mwanzoni mwa miaka ya 1980 kusomea shahada ya uzamili ya biashara katika Chuo Kikuu cha Columbia, na kuhitimu mwaka 1984. Huko aliwakuta Wamarekani wakilipa kila mwezi ili watazame filamu za HBO, kituo cha kulipia, nyumbani, ilhali runinga za bure zilikuwa tele. Aliandika kazi yake ya chuo juu ya biashara hiyo, kisha akaandikia kampuni za habari za nyumbani kwao akizishawishi ziianzishe. Aliyeitikia ni Ton Vosloo, mkuu wa Nasionale Pers, kampuni ambayo leo inajulikana kama Naspers.

Ili kuelewa kwa nini kampuni ya magazeti ilimsikiliza mwanafunzi, ni lazima kukumbuka hali ya televisheni ya Afrika Kusini wakati huo. Serikali ya ubaguzi ilikuwa imeizuia televisheni kwa miaka mingi kwa kuogopa mambo ambayo ingeyaingiza majumbani, hadi nchi hiyo tajiri ikaja kuanza matangazo ya kawaida mwaka 1976, baada ya Zanzibar, ambayo ilikuwa imekwisha kurusha picha za rangi mwanzoni mwa muongo huohuo. Mara shirika la serikali, SABC, liliporuhusiwa kuuza matangazo ya biashara mwaka 1978, magazeti yakaanza kupoteza mapato. Bekker aliwaletea wenye magazeti njia ya kurudisha walichonyang'anywa. Kampuni kadhaa za magazeti ziliungana, Nasionale Pers ikiwa mbele, na M-Net ikaanza kurusha matangazo Oktoba 1986, ikiwa miongoni mwa runinga za kulipia za mwanzo kabisa nje ya Marekani.

Ilikaribia kufa ikiwa changa. Wateja hawakununua ving'amuzi kwa kasi iliyotarajiwa, na kila mwezi hasara ilikuwa kubwa kuliko wenye hisa walivyozoea. Mambo mawili yaliiokoa, na yote mawili yanaonekana hadi leo katika huduma tunayoipata Nyanda za Juu Kusini. La kwanza ni saa za wazi za jioni, ambapo M-Net iliondoa kizuizi ili kila mwenye runinga aonje bila kulipa, halafu saa hizo zilipokwisha picha ikavurugika mbele ya macho ya familia nzima. Biashara ya kuonjesha, na aliyeibuni alijua mtoto atakayelia ni wa nani. La pili ni michezo. Serikali haikuiruhusu M-Net kutangaza habari, kwa hiyo kituo kililazimika kuishi kwa filamu na viwanja, na katika viwanja kikagundua kwamba mtu anaweza kuahirisha filamu lakini hawezi kuahirisha mechi. SuperSport, chaneli zake za michezo, ilizaliwa humo.

Kuanzia hapo maisha ya Bekker yanakwenda kwa kasi, nami nitayapita haraka. Mwaka 1991 aliingia Ulaya kwa kununua FilmNet; mwaka 1993 upande wa huduma kwa wateja ukatengwa na kuitwa MultiChoice, kampuni inayomiliki DStv; akawa miongoni mwa waasisi wa kampuni ya simu ya MTN; mwaka 1995 DStv ikaanza, mojawapo ya huduma za mwanzo duniani za runinga ya setilaiti ya kidijitali; na mwaka 1997, biashara ya Ulaya ikiwa imeuzwa kwa Canal+ ya Ufaransa, alikabidhiwa uongozi wa Naspers yote. Tukumbuke kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa hiyo DStv haikuja kwetu kushindana na utamaduni wa runinga uliokomaa. Ilitukuta tukiwa bado tunajifunza kukaa mbele ya skrini, na waliolipia mwanzoni walikuwa mahoteli, mashirika na watu wachache wenye uwezo. Mbeya ilipozimiwa mitambo ya analojia mwaka 2013, ndipo king'amuzi kilipokuwa kitu cha kila nyumba yenye runinga, na ndipo swali la kipi kinunuliwe lilipoanza kujadiliwa hadi vijiweni.

Sasa niingie kwenye huduma yenyewe, nianze na upokeaji wa mawimbi, kwa kuwa hapa ndipo nyanda zetu zinapotofautiana na Dar es Salaam au Dodoma. Matangazo yanayorushwa kwa minara ya ardhini huzuiwa na milima, na mtu wa bondeni kule Rungwe au nyuma ya safu ya Livingstone anajua kuishi na antena ndefu ambayo haioni kitu. Dishi la DStv halina tatizo hilo. Kwa jinsi Mbeya ilivyo karibu na Ikweta na karibu na mstari wa setilaiti, mawimbi huja kwa pembe ya nyuzi zipatazo 79 kutoka upeo wa macho, yaani karibu wima kabisa, hivyo hakuna mlima, si Rungwe si Mbeya Peak, unaoweza kusimama katikati. Kinachoweza kuzuia ni kitu kilicho juu ya dishi lenyewe: ukingo wa paa, mparachichi uliorefuka, au mkaratusi wa jirani. Wanaofunga dishi ukutani chini ya paa ili lisiibiwe wanapaswa kulijua hilo kabla ya kutoboa ukuta. Nimeona dishi lililofungwa vizuri kwa kila kipimo isipokuwa kwamba bati lilikuwa linalifunika nusu, na fundi, ambaye simtaji, akimwambia mwenye nyumba kwamba tatizo liko kwenye king'amuzi.

Mvua ni jambo jingine. Masafa yanayotumika na DStv, kama yale ya Azam TV na huduma nyingine za dishi dogo, yana mawimbi yenye urefu wa takriban sentimita mbili na nusu, na matone makubwa ya mvua huyafyonza na kuyatawanya. Katika mji mkavu kidogo kama Iringa jambo hilo si la mara kwa mara. Tukuyu na Kyela, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, si jambo la kupuuza. Isitoshe, mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na ligi za Ulaya huanza Agosti na kumalizika Mei. Maana yake sehemu kubwa ya msimu wa mpira huangukia kwenye majira ambayo wingu zito la jioni linaweza kukata picha. Dawa ipo, nayo si ya ajabu: dishi la sentimita 90 badala ya dogo, waya mzima usiounganishwa katikati, viungio vilivyofungwa visiingize maji, na kulenga kwa kipimo badala ya kulenga kwa kubahatisha hadi picha itokee. Dishi lililolengwa kwa kubahatisha huonyesha vizuri Julai, wakati anga ni safi na baridi inauma, kisha hukatika kwa wingu la kwanza la Desemba, na mteja akailaumu kampuni kwa kosa la kipimo cha fundi. Mvua kubwa kabisa, ile ya kufanya kisisikike kitu kingine isipokuwa bati, itakata picha hata kwa dishi zuri, lakini hurudi baada ya muda mfupi.

Ubora wa picha, hali ya hewa ikiwa nzuri, sina la kuulaumu. Picha ni angavu, sauti haipishani na midomo, na orodha ya vipindi kwenye skrini inaaminika kiasi kwamba mtu anaweza kupanga jioni yake kwa kuifuata. Kwa upande huu naona tabia ya Bekker na wenzake ya kununua teknolojia mapema. Kampuni iliyowahi dijitali mwaka 1995 imekuwa na muda wa kutosha kurekebisha kasoro zake.

Maudhui ndiyo yanayolipiwa, na hapa sifa na lawama zinakaa pamoja. Vifurushi vya DStv Tanzania vinapanda kwa ngazi, Poa, Bomba, Shangwe, Compact, Compact Plus na Premium, na bei zake hubadilika kiasi kwamba msomaji afadhali aulize siku anayotaka kulipa. Ngazi za chini zinatosha kwa familia inayotaka katuni za watoto, vipindi vya dini, muziki na Maisha Magic Bongo, ile chaneli ya 160 ambayo tamthilia zake, Huba ikiwa mfano, zimeifanya DStv iongee kwa sauti ya nyumbani. Kwa maoni yangu Maisha Magic Bongo ndiyo hatua ya busara kuliko zote ambazo kampuni imezifanya Tanzania, kwani imewapa kazi waigizaji, waandishi na mafundi wa picha wa hapa nchini, na imewaweka mbele ya runinga watu ambao hawakuwa na haja na kriketi wala raga. Lakini kadiri unavyotaka mpira mwingi wa Ulaya, ndivyo unavyopandishwa ngazi. Ngazi za chini hupewa sehemu, na mechi zote hukusanywa juu. Huo si uonevu wa meneja fulani wa Dar es Salaam, bali ni lile somo la M-Net la miaka ya 1980 lililogeuzwa kuwa orodha ya bei.

Kwa mpira wa nyumbani DStv si mahali pake. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa miaka 10 wa haki za kurusha Ligi Kuu ya Tanzania Bara, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, kwa hiyo shabiki wa Tanzania Prisons au Mbeya City ambaye hakuweza kufika Sokoine hana sababu ya kutafuta mechi hiyo kwenye dishi linalotazama utosini. Ndiyo maana vibanda umiza vingi vya Mwanjelwa, Mbalizi, Tunduma na Makambako vina madishi mawili juu ya bati moja. Inafurahisha kuona jinsi kibanda umiza kilivyotatua tatizo ambalo vifurushi havikulitatua: vijana thelathini wanachanga pesa ndogondogo na kupata mechi ya ngazi ya juu ambayo hakuna hata mmoja wao angeweza kuilipia peke yake. Ieleweke tu kwamba kifurushi cha nyumbani hakiruhusiwi kuonyeshwa kibiashara, na kwamba DStv ina huduma tofauti kwa ajili ya baa, hoteli na kumbi. Mwenye ukumbi anayejiheshimu aanzie hapo.

Jambo ninalolipinga zaidi katika huduma hii ni kalenda. Umeme wa LUKU ukiununua na usiutumie, unakusubiri. Kifurushi cha DStv ukikinunua, kinahesabu siku, uwe umetazama au hukutazama, umeme uwepo au ukatike, uwe nyumbani au shambani Usangu ukivuna mpunga. Utaratibu huo unamfaa mtu anayepokea mshahara mwisho wa mwezi, na ndivyo alivyokuwa mteja wa kwanza wa M-Net. Haumfai mkulima wa mahindi wa Mbozi, wa viazi wa Njombe au wa chai wa Rungwe, ambaye kipato chake huja kwa mkupuo na kisha hukauka kwa miezi. Nashangaa kidogo kwamba mtu aliyekulia kwenye shamba la mahindi, akijua vema kwamba mkulima hana tarehe 25, alijenga biashara inayodai kila mwezi kama mwenye nyumba. Uthibitisho kwamba utaratibu huo hauwakai vizuri watu wengi barani Afrika unapatikana katika hesabu za MultiChoice yenyewe, ambayo huwahesabu kuwa ni wateja hai wale wote waliolipia wakati wowote ndani ya siku 90. Kampuni inajua kwamba watu wanaingia na kutoka. Mwezi Machi 2025 idadi hiyo ilikuwa takriban milioni 14.5, ikiwa imepungua kwa zaidi ya milioni moja ndani ya mwaka mmoja.

Hapa maisha ya Bekker yanarudi kwenye meza ya mteja, kwa sababu yeye mwenyewe aliona ukomo wa dishi mapema kuliko tulivyoona sisi. Mwaka 2001, baada ya Naspers kupoteza mamilioni ya dola katika biashara kadhaa za intaneti nchini China zilizoshindwa, aliidhinisha dola milioni 32 hivi zinunue asilimia 46.5 ya kampuni changa ya Shenzhen iliyokuwa na programu ya kuchati na isiyokuwa na njia ya wazi ya kupata faida. Kampuni hiyo ni Tencent. Mwaka 2018, Naspers ilipouza asilimia 2 tu ya Tencent, ilipata dola bilioni 9.8. Nimesoma watu wengi wakiliita jambo hilo bahati, na bahati ilikuwapo, lakini hawaangalii kwamba fedha na ujasiri wa kupoteza vilitoka kwenye runinga za kulipia, na kwamba baada ya kushindwa mara kadhaa mahali pamoja wengi wangefunga mizigo. Kilichokuwa bora zaidi, kwa maoni yangu, ni kutouza. Kwa miaka mingi wachambuzi walimshauri achukue faida, naye akakaa.

Utajiri wake mwenyewe ulitokana na kukaa huko. Alipochukua uongozi wa Naspers alikubali kutopokea mshahara wala bonasi, akalipwa kwa haki ya kununua hisa za kampuni kwa bei iliyopangwa, kiasi kwamba hisa zisingepanda asingepata kitu. Zilipanda, naye akawa bilionea. Kuna wanahisa waliolalamika kwamba kiasi hicho kilikuwa kikubwa mno, na kwamba muundo wa kura za Naspers unawapa watu wachache nguvu isiyolingana na mtaji wao. Malalamiko hayo yana uzito. Pia si kila alichogusa kilistawi: mwaka 2006 Naspers iliweka dola milioni 422 katika kampuni ya uchapishaji ya Abril nchini Brazil, na fedha hizo hazikurudi. Aliachia utendaji mwaka 2014, akarejea mwaka 2015 kama mwenyekiti wa bodi. Nje ya ofisi, yeye na mkewe Karen Roos, aliyewahi kuwa mhariri wa jarida la mapambo ya nyumba, wameligeuza shamba la kale la Babylonstoren, karibu na Paarl, kuwa bustani kubwa ya mboga na matunda yenye hoteli, na mwaka 2019 wakafungua mahali pengine pa namna hiyo huko Somerset, Uingereza. Mtoto wa mahindi amerudi shambani, ila sasa wageni wanalipa kiingilio.

Kuna sehemu ya historia hii ambayo mtu wa nchi iliyowahifadhi wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika hawezi kuiruka. Nasionale Pers iliasisiwa mwaka 1915 kwa ajili ya kuutetea utaifa wa Makaburu, mhariri wa kwanza wa gazeti lake la Die Burger akiwa D. F. Malan, ambaye mwaka 1948 alikuja kuwa waziri mkuu aliyeanzisha rasmi ubaguzi wa rangi. Kibali cha M-Net kilitolewa na serikali ya chama hichohicho. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza maovu ya enzi ya ubaguzi, ilipokaa, kampuni haikuomba radhi. Waandishi wake zaidi ya mia moja walijitokeza mwaka 1997 kuomba radhi kwa majina yao wenyewe. Radhi ya kampuni ilikuja mwaka 2015, kwenye maadhimisho ya miaka 100, chini ya bodi aliyoiongoza Bekker. Ilikuwa sahihi, na ilichelewa mno. Simtaki msomaji avunje dishi lake kwa sababu hiyo, lakini simtaki pia asome habari za mafanikio haya kana kwamba yalianza na kijana mwerevu na karatasi ya chuo peke yake. Nyuma ya karatasi ile palikuwa na kampuni iliyonenepeshwa na utawala.

Kwa mteja wa Mbeya, uamuzi wenye maana zaidi ni wa Februari 2019, Naspers ilipoitenga MultiChoice na kuigawa kwa wanahisa wake ili yenyewe ibaki na biashara za intaneti. Miezi michache baadaye biashara hizo za kimataifa ziliwekwa katika kampuni ya Prosus na kuorodheshwa Amsterdam. Yaani kampuni ya mtu aliyetushawishi kulipia runinga ilikwisha kuhamia kwenye simu wakati sisi bado tunabishana juu ya ukubwa wa dishi. Septemba 2025 MultiChoice ikanunuliwa na Canal+, kampuni ileile iliyonunua biashara ya Bekker ya Ulaya mwaka 1997, na sasa madishi yetu yana mwenye mali aliyeko Ufaransa. Kijana wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia hapa Mbeya anayetazama vipande vya mabao kwenye simu yake dakika chache baada ya mechi hajui kwamba anaifanya biashara ya kwanza ya Bekker iwe ngumu, wakati biashara yake ya pili, ile ya mitandao, inanufaika na vijana wa aina yake kote duniani.

Hukumu yangu, basi, inategemea nani anauliza. Familia yenye mshahara, yenye watoto, na yenye angalau mtu mmoja ambaye Jumamosi jioni haiendi bila Ligi Kuu ya Uingereza, itapata thamani ya fedha yake kwa DStv, na sijaona huduma nyingine hapa nyanda za juu inayoukusanya mpira wa Ulaya kwa ukamilifu huo. Mpenzi wa ligi ya nyumbani afunge Azam TV na asione haya. Mkulima na mfanyabiashara wa msimu anunue dishi zuri mara moja, alifunge kwa fundi mwenye kipimo, halafu alipie kwa miezi anayoihitaji tu, kwa mfano Agosti msimu unapoanza na mazao yamekwisha kuuzwa, na tena Aprili na Mei ubingwa unapoamuliwa. King'amuzi hakiozi kikikaa bila kulipiwa, na malipo kwa simu hukiamsha bila kumwita mtu. Kwa mwenye baa, ningemshauri asubiri kuona Canal+ itavipangaje vifurushi na bei za biashara kabla hajanunua skrini ya tatu. Na kwa aliye Tukuyu, Kyela au Busokelo, fedha ya kwanza iende kwenye ukubwa wa dishi na ubora wa waya, hata ikibidi aanze na kifurushi cha Poa, kwa sababu kifurushi kinaweza kupandishwa usiku wowote kwa simu, lakini hakuna anayepanda juu ya paa mvua ya Machi ikinyesha.